Mzee Majuto na Haki ya Mchekeshaji

Wazazi wengi wa Korogwe na Handeni hunijia na swali moja: je, michezo ya marehemu Mzee Majuto yafaa kutazamwa nyumbani mbele ya watoto? Mwenyewe alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, lakini swali halikufa naye. Sura yake ingali katika televisheni na simu za mkononi, na mtoto aliyezaliwa baada ya mauti yake humcheka kama babu aliyemjua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nimeona bora nijibu kwa kalamu, kwani jibu langu si ndiyo wala si la, na jibu la namna hiyo huharibika likitolewa mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao.

Jina lake hasa ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948. Alianza kuigiza angali mtoto, mwaka 1958, na hadi kufa kwake ikawa yapata miaka sitini ya kazi hiyo hiyo. King Majuto ni jina la jukwaani, na katika jina lenyewe mna kichekesho. Sisi tumezoea kwamba majuto ni mjukuu, huja mwishoni na kilio. Huyu akaja na majuto ya kuchekesha, tena akayavika taji la kifalme.

Ili tumpime kwa haki, yafaa kwanza tukumbuke filamu zilivyoingia kwetu, kwani wengi hudhani zimeanzia Dar es Salaam jana na juzi. Hasha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, katika milima hii hii ya Usambara ndani ya Wilaya ya Korogwe, Waingereza wakiongozwa na Meja Notcutt walipiga filamu fupi zipatazo 35 kwa ajili ya Waafrika. Wakazitembeza kwa lori nchi baada ya nchi, sauti zikitoka katika sahani za santuri. Filamu zile zilihusu safura, kodi, kilimo cha chai na kuweka akiba posta. Wachezaji walikuwa watu wetu, lakini shabaha ilikuwa ya mwingine, na mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi aliye mzito wa kuelewa. Majina ya wachezaji wale sijapata kuyasikia yakitajwa katika baraza yoyote ya Korogwe.

Sasa mtazame Majuto. Yeye hakutoka katika chuo kile. Alitoka katika vichekesho vyetu wenyewe, ambavyo aghlabu havina maandishi: wachezaji hupatana juu ya kisa, kila mmoja akajua aingie wapi na atoke wapi, kisha maneno yakapikwa papo hapo mbele ya watu. Wenye umri wangu wanakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na wanamkumbuka marehemu Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014. Hao ndio wa rika ya sanaa hiyo. Mchezaji wa namna hii akikosa neno kwa nukta mbili tu, mchezo umelala, wala hakuna karatasi ya kumwokoa. Kwa hiyo kamera za video zilipoenea, Majuto aliingia na ulimi ulionolewa kwa miaka mingi, akasimama na vijana waliojifunza mbele ya kamera, na tofauti ikawa dhahiri.

Ufundi wake uko wapi? Wengi watasema ni katika maneno. Mimi naona ni katika kusubiri. Mwangalie anapoambiwa jambo la kumfedhehesha: hajibu upesi. Uso hubadilika kidogo, macho yakatafuta mlango, akavuta pumzi kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake, ndipo jibu likatoka, nalo ni jibu dogo mno kuliko aibu yenyewe. Hapo ndipo watu huanguka kwa kicheko. Na jambo la pili ni kwamba, pale alipokuwa katika ubora wake, mwenye kuchekwa alikuwa ni yeye mwenyewe. Ni mzee ajionaye mjanja, akatega mtego, kisha akanaswa mguu wake. Hamcheki kilema wala maskini. Wewe nawe wamcheka kwa sababu umemjua: ni yule bahili wa mtaani kwenu, au mjomba anayejifanya hasikii akiombwa nauli. Huenda ni wewe. Mtu wa Handeni na mtu aliyekuja zamani kutoka mbali kukata mkonge mashamba ya Korogwe wamekaa ubao mmoja wakamcheka mzee mmoja kwa Kiswahili kimoja, na hiyo si kazi ndogo.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba tumekatazwa kusema uongo ili watu wacheke. Ni kweli, onyo hilo lipo na ni kali. Lakini uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwapo, na hakuna aliyetoka mbele ya Majuto akiamini kwamba kweli mzee yule amefukuzwa na mkewe. Wazee wetu walituhadithia visa vya Abunuwasi usiku kucha, na hakuna aliyewaita waongo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, naye alipata kufanya mzaha na masahaba zake, ila hakusema ndani yake isipokuwa kweli. Na ndani ya mzaha wa Majuto mna kweli nyingi kuhusu ubahili, tamaa na kiburi cha mwanamume mzee.

Ama penye kasoro pana kasoro, wala sitazifunika kwa kuwa ni mwenzetu wa Tanga. Filamu zake ni nyingi kupita kiasi, na nyingine ni dhaifu. Zimo ambazo mzee hukimbizana na mabinti umri wa wajukuu zake, na kicheko chake ni chepesi. Baba na binti hawawezi kukitazama pamoja bila mmoja kuinuka akajifanya anakwenda kunywa maji. Tena kisa cha saa moja hukatwa mapande mawili kiuzwe mara mbili, watu wakatembea barabarani dakika nzima bila neno ili tu muda ujae. Humo utamwona Majuto anahangaika peke yake kuubeba mchezo, kama mchukuzi aliyetwishwa magunia mawili akalipwa moja.

Lakini tusimtupie yeye yote. Katika biashara ile, mara nyingi mwenye filamu alimwuzia msambazaji kazi yote kwa mkupuo, fedha zikagawanywa siku ile, na basi. Filamu ikiuzwa miaka kumi, mchezaji hana lake tena, hapana budi akapige nyingine, tena upesi. Mpishi akilipwa kwa hesabu ya sufuria, utapata sufuria nyingi na wali mbichi.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 2018 mzee aliugua, akapelekwa hadi India kutibiwa, na watu wakashangaa: uso unaojulikana nchi nzima, unaotangaza bidhaa za watu, vipi mwenyewe ahitaji msaada? Mwaka huo huo waziri wa habari na utamaduni wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya Mzee Majuto ilikuwa miongoni mwa iliyoleta jambo hilo. Dini yetu yamtaka mwajiri amlipe mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. La huyu lilikauka, likaoshwa na maji ya maiti.

Na wewe msomaji usikae ukawanyoshea kidole wenye matangazo peke yao. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi kubandikwa juu ya santuri za filamu ili ya wizi ijulikane. Je, uliponunua kwa mchuuzi pale stendi ya Korogwe santuri moja yenye filamu ishirini, uliitafuta stempu? Ulipompa kijana akujazie kadi ya simu michezo ya Majuto kwa shilingi chache, ulidhani ni ipi iliyomfikia mzee? Wapo wanaoniuliza kama kumcheka ni halali, ilhali hawajapata kuniuliza kama nakala waliyonayo mkononi ni halali. Mimi naliona swali la pili kuwa zito kuliko la kwanza.

Kwa hiyo mzazi, jibu langu ni hili: tazama wewe kwanza, peke yako, uchague. Vile anavyojicheka mwenyewe, kaa na watoto mtazame, na mcheke. Vile vya mabinti viache. Ukinunua, nunua chenye mwenyewe.

Liko moja linalonisumbua zaidi. Hivi vilivyomo katika mikanda na santuri ni vya nusu ya mwisho ya maisha yake. Miaka ile ya jukwaani, wakati maneno yalipopikwa papo hapo na hadhira ya Tanga ikimjibu, sehemu kubwa haikunaswa na mashine. Iko katika vichwa vya wazee wetu waliolipa kiingilio wakamwona, nao tunawazika kila mwezi. Kijana mwenye simu ya kurekodi, babu yako yuko barazani sasa hivi. Kamwulize Majuto alisema nini usiku ule.