Unene wa Kihami Joto Juu ya Dari: Hesabu na Mipaka Yake

Katika mji wa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, ambako wastani wa hali ya joto ya Januari ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, sehemu kubwa ya joto la nyumba hupotea kupitia dari, na ndiyo maana juu ya dari hutandazwa kihami joto, yaani kitu chepesi chenye matundu mengi madogo yanayoshika hewa iliyotulia, ambayo hupitisha joto kwa shida. Uwezo wa kihami hicho huitwa ukinzani wa joto, nao huandikwa kwa herufi R ikifuatwa na tarakimu: kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita polepole.

Mpango wa serikali uitwao Energy Star hupendekeza R-60 kwa dari tupu katika kanda hiyo ya baridi, na kwa dari yenye kihami cha zamani hesabu ni ya kutoa. Mpimaji hupanda darini na kuchomeka rula katikati ya boriti, mahali pengi, kwa sababu kihami cha zamani huwa kimekanyagwa na kuhamahama. Akikuta sentimita 10 za nyuzi za kioo zilizolala, ambazo kila inchi yake, yaani sentimita 2.5, huweza kukadiriwa kuwa R-2.5, basi kilichopo ni R-10 na kinachohitajika ni R-50. Selulosi, ambayo ni karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, hutoa takriban R-3.5 kwa inchi, hivyo 50 zikigawanywa kwa 3.5 hupatikana inchi 14.3, sawa na sentimita 36. Unene huo ni wa baada ya selulosi kushuka kwa uzito wake, wala si ule unaoonekana siku ya kupulizwa. Akikuta chembe za vemikulaiti, ambazo ni madini mepesi yenye kumetameta, asiziguse kabla hazijapimwa, kwa kuwa nyingi zilichimbwa Libby, Montana, zikiwa zimechanganyika na asbestosi, na hapo afya ya wakazi hutangulia hesabu yoyote.

Hata hivyo, faida ya kuongeza unene haiendi sambamba na unene wenyewe, kwa kuwa joto linalopotea hupatikana kwa kuzidisha eneo la dari kwa tofauti ya joto kati ya chini na juu yake, kisha kugawanya kwa ukinzani, uliogeuzwa kwanza kutoka vipimo vya Kimarekani vya R kuwa vya metriki. Kwa dari ya mita za mraba 100, ndani kukiwa na nyuzi 20 na juu ya dari nyuzi 10 chini ya sifuri, R-10 hupoteza takriban wati 1,700, R-30 wati 570 na R-60 wati 285. Hatua 20 za mwanzo zimeokoa zaidi ya wati 1,100, ilhali 30 zinazofuata zimeokoa 285 tu.

Hapo ndipo penye kosa linalofanywa mara kwa mara, la kununua mifuko mingi ya kihami na kusahau matundu ya dari yenyewe. Mlango mdogo wa kupandia darini, wenye nusu mita ya mraba na ubao mtupu, hupitisha takriban wati 50, yaani zaidi ya moja ya sita ya zile zinazopita katika dari nzima yenye R-60, ingawa eneo lake ni moja ya mia mbili. Nyufa zinazozunguka nyaya na mabomba huongeza hasara kwa kupandisha hewa yenye unyevu, ambao huganda juu ya mbao za paa na baadaye kuziozesha. Kwa hiyo mwenye nyumba azibe nyufa na kuufunika mlango huo kwa ubao mnene wa povu kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, maana sentimita 36 zikishatandazwa, nyufa hizo hazionekani tena.