Syncro na Mahali Palipolegezwa

Magari mengi ya fowili husifiwa kwa chuma chake: ekseli nene, difu kubwa, chesisi isiyopinda. Volkswagen T3 Syncro, iliyoundwa na Steyr-Daimler-Puch mjini Graz, Austria, kati ya 1985 na 1992, haitaki kusomwa hivyo. Ustadi wa fani yake umo mahali palipolegezwa kwa makusudi. Leo gari hilo limezeeka, na mara nyingi limefanywa nyumba yenye kitanda, jiko na matangi ya maji. Pale palipolegezwa ndipo panapoamua kama giaboksi yake itavuka korongo salama.

Tuanzie nyuma, kwa sababu ndiko gari lenyewe linakoanzia. Injini imekaa nyuma kabisa, na giaboksi iko mbele yake pamoja na difu ya nyuma. Kwenye pua ya giaboksi inachomoza propela shafti inayopita chini ya sakafu hadi difu ya mbele. Transfa kesi haipo. Ili shafti ipate njia, mwili mzima ulipangwa upya: tangi la mafuta likahamia juu ya giaboksi, tairi la akiba likaondolewa chini ya pua na kuingia ndani, na reli za chuma zikalazwa chini ya tumbo ili jiwe ligonge reli kabla ya kugonga shafti. Huu ni mpango wa watu waliofikiria mawe tangu mwanzo.

Hata hivyo, kukosekana kwa transfa kesi kuna gharama. Land Cruiser ya mbugani ina safu nzima ya gia nzito. Syncro ina gia moja fupi tu, iliyoandikwa G, ndani ya kasha lile lile lenye gia nne za kawaida. Kila mlima mkali, kila tope zito, hupita kwenye meno ya gia hiyo moja. Ikitumiwa kwa utulivu, gari likitambaa, inadumu. Ikikanyagiwa mafuta kwa hasira huku magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani yakiiongezea mzigo, inaumia, na mwenye gari hulaumu umri.

Lakini kiini cha fani hii ni koplingi ya mnato iliyo kwenye difu ya mbele. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopangwa kwa kupishana: moja imeshikana na shafti, inayofuata imeshikana na pinioni ya difu. Hazibanani. Kati yake kuna mafuta ya silikoni, mazito kuliko asali. Gurudumu la nyuma likiteleza, shafti huzunguka haraka kuliko difu ya mbele, sahani hukwaruza mafuta, joto hupanda, nayo nguvu huhamia mbele bila dereva kugusa kitu. Kwenye lami kavu koplingi hiyo hiyo hufanya kazi ambayo wachache huiona: gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo lazima imezwe mahali fulani. Inamezwa na mafuta yale.

Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa ya uzee. Mafuta ya silikoni yakiteseka kwa joto miaka mingi, koplingi hukaza. Haipigi kelele wala haivuji. Inaacha tu kusamehe, na ile tofauti ya kona hurudi kwenye giaboksi, kwenye sivi joint na kwenye tairi. Fundi hubadilisha beringi na pinioni, kumbe chanzo kiko mbele. Tairi mpya nyuma na zilizochakaa mbele huleta adhabu hiyo hiyo hata barabarani pakiwa pamenyooka, kwa sababu sahani hazipati kupumzika.

Wapo wanaoitoa koplingi na kuweka shafti ngumu. Kwenye mchanga tupu nawaelewa. Kwenye lami, bila kifaa cha kukata mwendo wa mbele, wanafuta lile jambo lililofanya fani nzima ishikamane. Wale wanaoongeza kifaa hicho nawaheshimu zaidi, ingawa sasa uamuzi uliokuwa wa mafuta umekuwa wa mkono wa dereva, na mkono husahau.

Toleo la magurudumu ya inchi 16, lililoundwa kwa idadi ndogo, lilijibu kwa shafti na sivi joint imara zaidi na bodi iliyoimarishwa. Ni jibu zuri, lakini bado koplingi ni ile ile, na bado huzeeka. Kwa hiyo, kabla ya kutazama rangi au jiko, nenda kwenye uwanja mkavu na mgumu, kata usukani hadi mwisho, weka gia ya chini, kisha achia klachi na uliache gari lizunguke lenyewe bila kukanyaga mafuta. Likijivuta kwa uzito au injini ikizimika, omba koplingi ifunguliwe kwanza.