Musa na Mama Zake Wawili

Mahubiri ya Kutoka 2 katika sharika zetu za Mwanza hukolea sana kwenye kisafina. Msikilizaji wa huku hahitaji maelezo: mafunjo anayaona kila siku kando ya ziwa, na hatari ya kumlaza mtoto mchanga humo anaijua. Kisha mhubiri hurukia kijiti kinachowaka moto. Lawama yangu iko hapo katikati.

Aya ya 9 na ya 10 zina jambo zito. Yokebedi anamnyonyesha mwanawe kwa mshahara wa binti Farao, halafu anampeleka yeye mwenyewe kwa mama mwingine. Mwandishi hasemi kama alilia, wala kama walionana tena. Ila aya ya 11 yasema Musa alipokuwa mtu mzima aliwaendea ndugu zake. Alijuaje kuwa ni ndugu zake? Bila shaka kuna mtu aliyemwambia.

Wengi hukimbilia Waebrania 11:24, kwamba Musa alikataa kuitwa mwana wa binti Farao, wakamalizia na methali: damu ni nzito kuliko maji. (Ajabu, sisi Walutheri tunaisema hatua tatu tu kutoka birika la ubatizo.) Hayo ni maelezo legevu. Aya inayofuata yaonyesha alichokataa: anasa za dhambi. Hakuna neno la kumdharau mwanamke aliyemwokoa. Hata jina la Musa, la kutolewa majini, ni yeye aliyempa. Na Mungu pale kijitini alimwita kwa jina hilohilo, mara mbili.

Nayasema haya kwa sababu watu wa kisa hiki wameketi ibadani. Kijana aliyeasiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, akiisikia methali ile huona analazimishwa kuchagua. Mama mlezi husikia kwamba miaka yake ya kuamka usiku ilikuwa ya kuazima. Na aliyemzaa, pengine yuko benchi la nyuma asipojulikana na mtu, huambiwa kwamba mama mwema hamwachi mwanawe, siku ileile anaposifiwa Yokebedi.

Kijana huyo akija kuniuliza, "Mchungaji, nikimtafuta aliyenizaa, ninamkosea mama?" humfungulia Kutoka 6:20. Hapo ndipo jina la Yokebedi linapotajwa kwa mara ya kwanza, katika orodha ya ukoo, na mwanawe ndani ya orodha hiyo bado anaitwa Musa.