Faiba Juu, Chuma Chini: Kiungo Kilichomalizwa Karakanani

Fregeti za daraja la La Fayette, zilizojengwa Lorient, Ufaransa, tangu miaka ya 1990, zina mwili wa chuma, lakini sehemu ya nyuma ya jengo lililo juu ya sitaha, pamoja na banda la helikopta, ni ya faiba yenye moyo wa mti wa balsa. Uzito ukipungua juu, meli hutulia zaidi. Kazi ni kuviunga vitu hivyo viwili, chuma na faiba.

Haviwezi kuchomelewa pamoja: chuma huyeyuka karibu nyuzi joto 1,500, ilhali resini inayoshikilia nyuzi za faiba hulegea mapema mno. Bolti nazo zina gharama yake. Kila tundu hukata nyuzi, hukusanya mkazo na huyafungulia maji njia ya kuingia kwenye balsa.

Wajenzi waliikwepa kazi hiyo melini kwa kuimaliza karakanani. Paneli inapoundwa, bamba la chuma huingizwa ukingoni mwake, nyuzi za kioo zikalazwa pande zote mbili, na resini ikikauka hulishika. Ukingo wa pili wa bamba huachwa wazi. Melini, mchomeleaji huunga chuma kwa chuma, kama alivyozoea. Sharti ni moja: chuma kilicho wazi kiwe kipana vya kutosha, joto la kuchomelea lisifike kwenye resini.

Penye hatari ni ncha ya bamba iliyozama ndani. Faiba ya kioo hunyumbuka kuliko chuma takriban mara kumi, hivyo mkazo hujazana hapo na kubanduka huanzia hapo. Ndiyo maana unene wa bamba hupunguzwa kidogo kidogo, usikatwe ghafla. Ila unyumbufu huohuo una faida: mawimbi yakiikunja meli, jengo la faiba huifuata bila kubeba mzigo mkubwa.

Wamarekani nao walitumia nyuzi za kaboni kwenye jengo la juu la meli yao ya kivita Zumwalt. Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, chuma huliwa na kutu, kwa hiyo lazima vitenganishwe. Jengo lake la tani 900 hivi liliundwa Gulfport, Mississippi, likapachikwa Bath, Maine, Desemba 2012. Hata hivyo, mwaka 2013 jeshi la majini liliamua meli ya tatu ya daraja hilo, Lyndon B. Johnson, iwe na jengo la chuma kwa sababu ya bei. Uhandisi ulikuwa umeshathibitisha kwamba kiungo kinawezekana. Mhasibu ndiye aliyeuliza kama uzito uliookolewa unalipa.