Jina Tulilipokea, Kinywaji Hatukukipokea

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tano alisimama mbele ya darasa na kusoma ekspoze yake juu ya miti-dawa ya mababu. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi nzuri. Alieleza majani ya mpera kwa tumbo la kuharisha, akaeleza tangawizi kwa kifua, na hakuiba kitabu cha mtu. Halafu akafika kwa bangi, na hapo sauti yake ikapanda. Alisema mambo matatu: kwamba bangi ni desturi ya mababu zetu, kwamba Wahindi huinywa kwa ajili ya dini na afya, na serikali yao haiwafungi, na kwamba Wazungu wamekwisha kutengeneza kwayo dawa ya kifafa. Akamaliza hivi: «Basi prof, ile iko dawa. Sisi njo tunaogopaka bure.» Darasa likapiga makofi.

Tunataka kuichambua ekspoze hiyo hapa, si kwa kumwaibisha kijana. Aliyoyasema tunayasikia kila siku hapa Ngezi, kwa wamotari, kwenye barza, hata kwa wazazi wenye diplome. Tena kila moja ya sentensi zake tatu ina ukweli ndani yake. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Tuanze na Wahindi, maana hapo ndipo kijana alikuwa na uhakika mwingi na maarifa kidogo. Kinywaji chenyewe huitwa bhang. Hutengenezwa kwa majani ya mmea. Maua yake, ambayo ni makali zaidi, yana jina lingine, ganja, na utomvu wake huitwa charas. Majani huoshwa, husagwa juu ya jiwe mpaka yanakuwa donge la kijani, kisha donge hilo huchanganywa na maziwa, sukari, lozi, pilipili manga, iliki na shamari. Maziwa hayakuwekwa kwa utamu tu. Nguvu ya mmea huu haiyeyuki vizuri katika maji, huyeyuka katika mafuta, na wapishi wa bhang walijua hivyo kwa mikono kabla ya maabara kujua. Kinywaji kina siku zake: sikukuu ya Holi, wakati watu wanarushiana rangi, na usiku wa Shivaratri, ambao ni wa mungu Shiva. Katika mji wa Varanasi yako maduka yanayouza kwa ruhusa ya serikali. Waganga wa Ayurveda nao huiita vijaya, na huitumia kwa tumbo lisilosaga chakula na kwa mtu asiyepata usingizi.

Waingereza walipotawala India walitaka kujua kama waikataze. Waliunda tume mwaka 1893, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 1,100, na mwaka 1894 ikatoa ripoti ndefu: anayetumia kwa kiasi hapati madhara makubwa, anayezidisha anaharibika, na kuikataza kabisa hakufai. Mkataba wa kimataifa wa 1961 ulipoeleza maana ya kanabisi ulitaja vichwa vyenye maua au mbegu, majani yakiwa peke yake yakaachwa nje. Sheria ya India ya 1985 ikafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo kijana alikosea aliposema serikali yao haifungi. Inafunga, tena sana, kwa ganja na kwa charas. Yaliyoachwa ni majani tu, na majimbo ndiyo yanayoyasimamia. (Nasi pia, tukiri, hatukuyajua hayo kabla ya kutafuta.)

Sasa desturi ya mababu. Neno lenyewe linashuhudia safari. Bhanga ni neno la Kisanskriti, Waajemi wakasema bang, na majahazi ya Bahari ya Hindi yakalifikisha pwani yetu ya Afrika. Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1609, aliwaeleza watu wa upande wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambao walikula majani makavu ya bangue. Walikula, hawakuvuta. Halafu mmea ulipanda bara, na katika karne ya 19 jina la bangi lilitembea na misafara ya pembe za ndovu kupitia Tabora na Ujiji mpaka Manyema, njia ileile iliyotuletea Kiswahili hiki tunachoandika. Lakini huku bara watu waliutia katika kiko, mara nyingi kiko cha buyu chenye maji. Jina tukalipokea. Jiwe la kusagia, maziwa na sikukuu vilibaki ng'ambo ya bahari.

Na tofauti hiyo si ya mapambo. Moshi hufika kichwani kwa dakika chache. Kinachopita tumboni huchelewa saa moja au mbili, halafu hukaa muda mrefu. Mtu asiyejua anakunywa, anangoja, haoni kitu, anaongeza. Mzee wa Varanasi hafanyi hivyo kwa sababu baba yake alimwonyesha ukubwa wa donge. Kwetu nani anaonyesha?

Mtu atatuambia: lakini Kongo pia ilikuwa na utaratibu. Ni kweli, na tunashangaa kwamba ekspoze haikuutaja, maana ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Kule Kasai, upande wa Lulua, chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliitwa Bena Diamba, wana wa bangi. Wajerumani Pogge na Wissmann waliwakuta mwaka 1881. Walikuwa wameacha hirizi za zamani, walivuta pamoja kwa sherehe, walijiita ndugu, na mwenye kosa aliweza kuadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka aanguke. Wengine wameandika juu ya jambo hilo kama ndoto ya amani. Sisi tunaona pia kwamba bangi ilimsaidia Kalamba kukuza mamlaka yake wakati wa biashara ya pembe na Watshokwe, na kwamba si kila jirani aliupokea undugu huo kwa hiari. Hata hivyo, ulikuwa utaratibu: mahali, saa, wakubwa, adhabu. Ulikufa. Utawala wa kikoloni ulipiga marufuku bangi, Kongo huru ikaiendeleza marufuku hiyo, na mmea ukaenda kujificha nyuma ya mihogo.

Na huku Ituri tuna kumbukumbu nyingine ambayo darasa lile, kwa umri wake, halina. Katika vita vya 1999 mpaka 2003 makadogo walivuta bangi ili wasiogope, au ili wasikumbuke. Kesi ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyohukumiwa The Hague mwaka 2012, ilihusu watoto wa Ituri hii, na baadhi ya mashahidi walisema juu ya bangi katika kambi. Hatutaji kundi hapa. Sote tunajua kwamba halikuwa moja. Tunauliza tu: ile nayo tuiite desturi ya mababu?

Inabaki dawa ya kifafa, na hapo makofi yalitutisha. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Epidiolex, inayotoka katika mmea huu, kwa aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Lakini ndani yake mna kitu kimoja tu kilichochujwa, kanabidioli, ambacho hakileweshi, na munganga hukipima kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Ile iliyo nyuma ya mihogo haina kipimo hicho. Kinachochemshwa katika sufuria ya maji leo si sawa na cha kesho.

Katika mtaa wetu kuna mama aliyeacha kumpa mtoto wake vidonge vya fenobarbitali, akampa chai ya bangi asubuhi na jioni, kwa sababu aliambiwa Wazungu wanafanya vile. Vidonge vya namna hiyo haviachwi ghafla. Siku ya nne mtoto alianguka mara tatu kabla ya saa sita, na mama akakimbia naye kwenye kituo cha afya. Anaishi, tunashukuru. Hatukumlaumu yule mama, tulimlaumu aliyemfundisha nusu ya habari.

Tena kifafa cha kwetu kina sura yake. Uchunguzi uliofanywa hapa Ituri, pamoja na zone ya afya ya Logo upande wa Mahagi, umeonyesha kifafa kingi katika vijiji vilivyo karibu na mito ya maji ya kasi, ambako usubi unang'ata watu na kuwapa onkoserkosi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni. Huko Mectizan inayogawiwa bure inaweza kuzuia wagonjwa wapya, ikimezwa kila mwaka. Ekspoze juu ya dawa na kifafa, iliyosomwa Bunia, haikuwa na neno hata moja juu ya usubi.

Tulimrudishia kijana karatasi yake bila pointi, tukamwambia aende kwa bibi yake mzaa mama amuulize swali moja tu: zamani, nani alikuwa anavuta? Alirudi baada ya wiki. Bibi alijibu kwamba ni wazee wachache, jioni, kazi ikiisha, na kiko kilitundikwa juu ambapo mtoto hafiki. Wanawake hawakugusa, isipokuwa kuwawekea kuku majani katika maji, wakati kuku walipokuwa wanakufa. Je, kuku walipona? «Bengine balipona, bengine balikufa.» Na kifafa? «Ya kifafa, ile mimi sikusikiaka.»

Kijana akatuuliza kama afute sehemu yote ya bangi. Tulimwambia aiache, na chini ya kila sentensi aandike nani alimwambia.