Mwezi Juu ya Fedha: Usomaji wa Tseikuru

Mwaka 2018 kiwanda cha sarafu cha serikali ya Kanada kilitoa sarafu 13 za fedha, kila moja ya dola 20, zenye michoro ya Frank Polson, msanii wa taifa la Algonquin, juu ya mafundisho ya Bibi Mwezi. Huenda msomaji wa Tseikuru, kaskazini ya Kitui, akaliona jambo hili kuwa la mbali. Sivyo. Lugha yake humsogeza karibu na michoro hiyo kuliko mnunuzi asemaye Kiingereza.

Katika Kiojibwe, lugha ya ndugu za Waalgonquin, giizis ni jua, na pia ni mwezi wa kalenda. Mwezi wa angani huitwa jua la usiku. Kiingereza kimetenga mwezi wa angani na ule wa kalenda kwa maneno mawili. Hivyo jina kama Mwezi wa Sukari humfikia mnunuzi kama sitiari ya kupendeza. Si sitiari hata kidogo: ndio wakati ambapo utomvu wa mti wa mepo hugemwa na kuchemshwa uwe sukari. Mkamba asemaye mwei, kama Mswahili asemaye mwezi, hahitaji kuelezwa. Ni kweli kwamba Kikamba cha leo huihesabu miezi kwa nambari tu, mwei wa mbee, mwei wa kelĩ. Lakini mkulima wa Tseikuru hutazama mvua za Oktoba hadi Desemba, wala si nambari.

Kasoro ya kazi hii haimo katika uchoraji, bali katika fedha. Kwa Kiswahili fedha ni madini na ni pesa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ilikuwa na robo ya fedha ndani yake, nayo ilinunua chumvi. Sarafu ya Bibi Mwezi haifiki sokoni, hukaa kisandukuni. Upande wake wa pili una uso wa Malkia Elizabeth wa Pili, kana kwamba bibi hana thamani mpaka adhaminiwe na bibi mwingine.

Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, Kenya ilizindua sarafu zisizo na sura ya mtu yeyote, kama ilivyoagiza Katiba ya 2010. Shilingi 20 ina ndovu, nzou wa Wakamba, ambaye pembe zake misafara yao ilizichukua hadi Mombasa katika karne ya 19. Mchoro huo haufikii ustadi wa Polson. Hata hivyo, nzou huyo hushikwa, huchakaa, na mtoto atumwaye dukani Tseikuru humtoa akapewa kiberiti.