Shukrani na Ustahimilivu wa Watoto katika Chozi la Heri

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa funzo linalotokana na watoto wanaokulia katika ufukara, hujibu kwa sentensi moja: tushukuru kwa tulicho nacho. Jibu hilo si kosa, ila limeishia njiani. Makala haya yanalichunguza kupitia Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022.

Umulkheri ametoka katika familia iliyojiweza. Mama ameondoka, baba amefariki, na nduguze, Dick na Mwaliko, wameibwa na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani. Anafika Shule ya Tangamano akiwa amezama katika masaibu yake. Hapo mtunzi anatumia mbinu rejeshi: Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema wanasimulia yaliyowapata, na Umu anang'amua kuwa si yeye peke yake aliyeonja shubiri.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, msimulizi ni nani? Ni mtoto mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wamekilalia. Umu naye hawatazami kwa mbali kama mpita njia. Ni mwenzao shuleni. Kwa hivyo, shukrani yake haina ile kauli ya "afadhali mimi". Inazaa usuhuba.

Pili, ustahimilivu haufuti kosa. Chandachema ni mtoto wa mwalimu Fumba na mwanafunzi wake, Rehema. Analelewa na nyanya yake, na nyanya anapofariki, mtoto huyu anaishia kuchuma majani chai ili apate riziki. Mtahiniwa anayesifu uvumilivu wa Chandachema pekee amemwachilia Fumba bila kumhukumu. Jibu kamili humtaja aliyestahimili, aliyemtia taabuni, na waliomnyooshea mkono.

Suala hili lina uzito darasani. Huku Kiritiri, Mbeere Kusini, mvua ni ya kubahatisha, na wazazi wengi hutegemea ndengu na muguka kulipa karo. Kwa mwanafunzi anayeshinda Jumamosi akichuma muguka, Chandachema si mtu wa mbali. Mwalimu akisema, "Watoto maskini wanatufunza sisi kushukuru," mwanafunzi huyo yuko upande gani wa sentensi? Amefanywa kielelezo cha kuwaliwaza wengine, ilhali ameketi pale awe msomaji na mhakiki kama wenzake. Huenda akanyamaza, nasi tukadhani hana hoja.

Inapendekezwa basi kwamba mwalimu aanze na maswali mengine. Chandachema anafanya uamuzi gani mwenyewe? Nani angeweza kumsaidia mapema zaidi, na kwa nini hakufanya hivyo? Maswali haya humpa kila mwanafunzi nafasi ya kujibu bila kulazimika kueleza hali ya kwao.

Kwa jumla, shukrani katika riwaya hii si kufurahi kwamba mwingine ameumia zaidi. Ni kutambua kuwa uliyepewa nafasi una deni kwa asiyepewa.

Zoezi: "Ustahimilivu wa watoto katika Chozi la Heri ni sifa kwao na lawama kwa watu wazima." Thibitisha. (alama 20)